Maswali mnayoniuliza kila mara kuhusu ile filamu ya vijana wenye kansa

Habari zenu wapendwa. Mi ndo yule dada wa Pasua, hapa Moshi, ninayeonyesha ile filamu ya vijana wa hospitali, wengine mliiona sebuleni kwetu, wengine kwenye ukumbi wa kanisa kule Rau. Kila tukimaliza watu hawaondoki, wanabaki wanauliza, alafu nikifika nyumbani simu imejaa meseji za maswali yale yale, kwa hiyo nimeamua kuyaandika hapa ili mtu akiuliza nimtumie tu. Mi sio daktari, nimesoma uhasibu, ila nilikaa hospitali miezi mingi na mdogo wangu alipokuwa anaumwa mguu na ninayoyajua nimeyajulia pale pembeni ya kitanda, kwa kuwauliza manesi na madaktari bila kuchoka. Ya mgonjwa wako muulize daktari wake.

Filamu inaitwaje na ni ya wapi?

Inaitwa Planta 4ª, ni ya Hispania, ilitoka 2003. Maana yake ghorofa ya nne, maana ndiko iliko wodi ya hao vijana. Aliyeiongoza ni Antonio Mercero, mzee aliyefariki 2018, na yule kijana mtundu kuliko wote, Miguel Ángel, ameigizwa na Juan José Ballesta. Vijana wenyewe wanajiita Los Pelones, yani wenye vipara, na hilo jina wamejipa wao, hakuna aliyewabandika. Ina kama saa moja na dakika arobaini.

Ni stori ya kweli?

Imetoka kwenye maisha ya mtu wa kweli. Anaitwa Albert Espinosa, amezaliwa Barcelona 1973, na akiwa na miaka kama 14 hivi alikutwa na kansa ya mfupa. Alikaa miaka kumi ya kuingia na kutoka hospitali, akapoteza mguu, akapoteza pafu moja na kipande cha ini, na akapona. Akaenda chuo kusoma uinjinia, na akiwa huko huko chuo akaanza kuandika michezo ya jukwaani na wenzake, mmojawapo ndo huo wa Los Pelones, na filamu ikatoka humo, yeye mwenyewe akiwa mmoja wa walioiandika. Baadae 2011 akaandika tamthilia ya televisheni inayofanana na hiyo, Polseres vermelles, mpaka Italia na Marekani wakatengeneza za kwao.

Kwa hiyo mtu akinambia "dada hawa wametia chumvi, mgonjwa wa kansa hawezi kufanya fujo vile", namwambia aliyeandika alilala kwenye hicho kitanda.

Mbona inachekesha? Mi nilijua nakuja kulia

Hili ndo swali la kwanza karibu kila siku, na wapo watu wawili watatu walioondoka wamekasirika kabisa, mama mmoja alinambia sio heshima kucheka wagonjwa.

Mama yangu, hatuwacheki, tunacheka nao. Kama hujawahi kulala wodi ya vijana hutajua, unaingia umejiandaa na uso wa msiba unakuta wanabishana Simba na Yanga, mmoja ana dripu mkononi anakimbia nayo kwenye korido kamlio ka magurudumu ka kile chuma kanasikika mpaka kwa manesi. Kwenye filamu wanashindana mbio za wilichea usiku, wanatoroka wodini, wana timu yao ya basketi ya kukaa kwenye wilichea. Kwetu hatukuwa na wilichea za kushindania lakini mdogo wangu na mwenzake wa kitanda cha pili, kijana wa Rombo, walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, na atakayefungwa anakunywa uji wa wote wawili, na uji wenyewe walikuwa hawaupendi maana dawa zilikuwa zimewaharibia ladha ya mdomoni. Nesi wa usiku alikuwa anawafokea alafu anakaa pembeni anaangalia nani anashinda.

Nilichokiona mimi ni kwamba kijana wa miaka 15 akiumwa haachi kuwa na miaka 15. Bado anataka kuchelewa kulala, anataka kutaniana, anampenda binti wa wodi ya pili na hataki dada yake ajue. Sisi watu wazima tukifika tunamwona kansa tu, yeye tumemsahau. Na yeye anajua kabisa kwamba tumemsahau. Hiyo filamu mi naipenda kwa sababu inamwona yeye kwanza. Kilio kipo humo, msiwe na wasiwasi, mtalia, ila mtalia kwa ajili ya watu ambao mmeshawapenda.

Ni ya Kihispania, tutaelewaje?

Natafsiri mwenyewe hapo hapo, kama enzi zile za Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, kwenye vibanda umiza, ila mi siongezi maneno yangu. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, nimeiangalia mara nyingi mpaka nimeshika. Wakati wanacheka tu bila kuongea nanyamaza.

Wanaumwa nini hasa, na kwa nini wengi ni mguu?

Hapa naomba msome taratibu hata kama maelezo ni marefu, maana hapa ndo tulipopotezea muda sisi.

Wengi wa wale vijana wana kansa ya mfupa, na ile aliyokuwa nayo Espinosa, ambayo ndo aliyokuwa nayo na mdogo wangu, kwa kitaalamu inaitwa osteosakoma. Inawapenda sana vijana wa umri wa kurefuka, pale kati ya miaka 10 na 20, na sehemu inayoipenda zaidi ni karibu na goti, juu yake au chini yake, maana pale ndipo mfupa unaporefuka kwa kasi kuliko kwingine. Ndo maana unakuta ni mtoto mrefu mwenye afya, anacheza mpira, hana hata mafua.

Mdogo wangu alianza kulalamika goti lilipomuuma baada ya mechi. Sa nani atashangaa goti kuuma baada ya mechi? Tukamkanda na maji ya moto, jirani akaja kumchua na mafuta, likatulia, likarudi. Tukaenda duka la dawa tukapewa za maumivu. Alafu yakaanza maumivu ya usiku. Hapo ndo pa kushtuka, mchana amekaa sawa, usiku saa nane anaamka analia, na hakuwa mtoto wa kulia. Uvimbe ukaanza kuonekana juu ya goti, mgumu, wa moto kidogo ukiugusa. Zahanati moja wakasema ni jeraha la mpira wakamfunga bandeji, mtaalamu wa tiba za asili mmoja akamchanja chale na kumpaka dawa. Tangu aanze kulalamika mpaka anapigwa eksirei miezi minne ilikuwa imeshapita. Eksirei yenyewe ni dakika chache tu.

Kutoka hapo wakakata kipande kidogo cha nyama ya ule uvimbe wakapeleka maabara, wakampiga na picha ya CT ya kifua. Mama akauliza kwa nini kifua wakati anaumwa mguu, daktari akatueleza kwamba kansa hii ikisafiri mara nyingi inakimbilia mapafu. Mkirudia ile filamu mkumbuke hilo, yule mwandishi hakupoteza pafu kwa ugonjwa mwingine, ni kansa ile ile ya mguu ilipanda.

Kansa inaambukiza?

Hapana. Kula nae, lala nae, mkumbatie, tumia kikombe chake. Ila wewe ndo unaweza kumwambukiza yeye mafua yako, na hilo nimelieleza huko chini.

Ni mpira ndo umemletea? Au simu? Au tumekosea kumlea?

Hapana kwa yote matatu. Mpira haumletei mtu kansa ya mfupa, ila mtoto akigongwa ndo mnaangalia pale mahali na mnakuta kitu kilichokuwepo tayari. Kansa nyingi za watoto hazina sababu ya kumnyooshea mtu kidole. Mama yangu alijilaumu mwaka mzima kwamba ni kwa sababu alimruhusu kucheza bila viatu, mpaka daktari mmoja mama mtu mzima akamshika mikono akamwambia mama hukufanya kitu, na siku hiyo ndo nilimwona mama analala usingizi.

Je ni kurogwa?

Najua kwa nini watu wanauliza, kijana mzima wa darasani ghafla mguu unavimba, tena ndo aliyekuwa anafaulu, akili inatafuta mtu. Kwetu kulikuwa na baba mdogo alishamtaja mpaka jirani kwa jina na nusura familia mbili ziache kusalimiana. Ugonjwa huu upo Hispania, upo Marekani, upo kwa watoto wa matajiri wenye walinzi getini. Kwenye filamu nzima hakuna hata mmoja aliyerogwa. Salini, mwiteni mchungaji au sheikh, ila mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo.

Kwa nini wote wana vipara? Nywele zinarudi?

Ni dawa. Zile dawa za kansa za dripu, hospitali wengi wanasema kemo, kazi yake ni kuua seli zinazozaliana haraka. Kansa inazaliana haraka, lakini na nywele zinakua haraka, na ngozi ya ndani ya mdomo, na tumbo, na damu inayotengenezwa ndani ya mifupa. Dawa haichagui sana. Ndo maana nywele zinatoka, mdomo unapata vidonda, anatapika, damu inashuka mpaka anaongezewa. Dawa ikiisha nywele zinarudi baada ya miezi michache, za mdogo wangu zilirudi laini kama za mtoto mchanga tukawa tunagombania kuzishika.

Kuna dawa moja ni nyekundu kama juisi ya rozela, inaitwa doksorubisini. Siku ya kwanza mkojo wa mdogo wangu ulitoka mwekundu, mama akapiga kelele akijua ni damu, wodi nzima ikaamka. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Kwa hiyo mi nawaambia nyie, mkojo mwekundu siku moja mbili baada ya hiyo dawa ni rangi ya dawa. Na dawa nyingine inayotumika kwa kansa nyingi za watoto, vinkristini, asili yake ni lile ua la rangi ya waridi la Madagaska linaloota kwenye bustani za watu hapa hapa Moshi. Msije mkachemsha majani yake tafadhali, kiwandani inachujwa na kupimwa kwa miligramu na ukizidisha inaua.

Jambo ambalo filamu haiwaelezi: damu ikishuka, kinga nayo inashuka. Homa ikifika 38 kwa mtoto aliye kwenye kemo mnaenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha, msimpe panado mkasubiri asubuhi. Hii sheria tuliandika kwa kalamu nyeusi tukabandika mlangoni.

Ni lazima kukatwa mguu?

Sio lazima kwa kila mtu. Inategemea uvimbe umefika wapi, kama umeshika mishipa mikubwa ya damu, na vifaa vilivyopo. Wengine wanatolewa kile kipande cha mfupa chenye ugonjwa na kuwekewa chuma, mguu unabaki. Na kukata peke yake hakutoshi, ni dawa, alafu upasuaji, alafu dawa tena. Zamani kabla ya hizi dawa walikuwa wanakata tu na wagonjwa wengi walikuwa wanafariki baadae kwa sababu ya mapafu.

Mdogo wangu alikatwa, juu ya goti. Familia tuliomba muda wa kufikiria, baba alitaka arudi nyumbani kwanza akasema mtoto wa kiume bila mguu atalima vipi kihamba, atamlisha nani. Tulikaa kikao mpaka usiku. Kilichotusaidia ni kijana mmoja aliyekuja kliniki amevaa suruali, anatembea vizuri tu, nesi akamwita akamwambia hebu waonyeshe hawa wazee, akapandisha suruali tukaona mguu bandia. Baba aliugusa ule mguu, akaugonga gonga na kidole kama anavyogonga mbao dukani, hakusema kitu, kesho yake akasaini.

Na hapa nataka watu wa Moshi mjue mlichonacho. Pale hospitali ya KCMC kuna chuo kinaitwa TATCOT, kipo tangu 1981, kinafundisha watu kutengeneza miguu na mikono bandia, na wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma hapa kwetu. Watu wanapita na Hiace kila siku hawajui. Miguu inatengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja mmoja, na mtoto anayekua inabidi abadilishiwe kila akirefuka, kwa hiyo mwambieni mapema kwamba mguu wa kwanza sio wa maisha.

Alafu kuna kitu kitawashtua: mguu usiokuwepo unauma. Mdogo wangu alikuwa ananiamsha usiku "dada nikune dole gumba", la mguu uliokatwa. Nilidhani anachanganyikiwa. Ni kawaida, ubongo bado unautafuta mguu, kuna dawa zake na kuna mazoezi ya kutumia kioo, mwambieni daktari msimwambie mtoto anajifanya. Mi usiku ule wa kwanza nilikuna shuka pale mahali mguu ungekuwepo, na akalala.

Mtoto aambiwe ukweli?

Ndiyo, kwa maneno ya umri wake. Najua mila zetu, mgonjwa haambiwi, watu wazima wanatoka nje kuongea chini ya mti na daktari, wakirudi wanasema "utapona tu mwanangu ni uvimbe mdogo". Sisi tulifanya hivyo wiki tatu. Alikuwa na miaka 14. Siku moja akanambia, dada, nyie mkitoka nje mi naangalia mikono ya mama kupitia dirisha, akishika kichwa najua ni mbaya.

Yani alikuwa anajua, tena alichokuwa anakijenga kichwani kilikuwa kibaya kuliko ukweli, alidhani atakufa wiki ile na sisi tunamficha. Kumbe daktari alikuwa amesema ina dawa. Tulimwambia jioni ile, baba ndo alimwambia, kwa Kichaga, maana baba mambo mazito hayasemi kwa Kiswahili. Alilia, tukalia, alafu akauliza maswali mawili: nitaumia wakati wa kukata? na shule itakuwaje? Hakuuliza kuhusu kufa. Baada ya hapo akaanza kukubali dawa bila ugomvi.

Kwenye filamu kuna kijana mgeni, Jorge, anasubiri majibu yake, na angalieni jinsi wale wenyeji wanavyokaa nae. Wao ndo wanajua kuongea nae kuliko watu wazima wote wa mle ndani. Hiyo sehemu huwa nanyamaza kutafsiri kidogo, inatosha kuwaangalia nyuso.

Niwaache watoto wangu waangalie?

Kuanzia miaka 12 hivi, mkiwa pamoja. Kuna lugha ya vijana wa kiume, kuna maongezi ya wasichana, na kuna huzuni. Wadogo zaidi wanaogopa vipara. Kama mtoto wako ana mwenzake darasani anayeumwa basi muangalie nae hata akiwa na 10, na mzungumze baada ya hapo.

Hospitali zetu zinafanana na ya kwenye filamu?

Vijana wanafanana, hospitali hazifanani. Kule kila kijana ana kitanda chake na muda wa wageni ni muda wa wageni. Kwetu mama analala chini ya kitanda kwenye kanga, anafua, anapika au ananunua mtori pale nje, na mama za wodini wanakuwa ndugu kabisa, mpaka leo mama yangu na yule mama wa Rombo wanapigiana simu kila Jumapili. Hilo la kwetu naliona zuri na filamu haina.

Baya ni umbali na pesa. Zamani ilikuwa kansa ni hospitali ya Ocean Road Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, mtu anauza ng'ombe kwa nauli tu. Siku hizi KCMC wana kituo cha kansa tangu 2016, kemo inatolewa hapa hapa, na kule Dar watoto wanatibiwa Muhimbili ambako huduma yao ilihamishiwa kutoka Ocean Road 2011. Mwanza kuna Bugando. Pesa ikiwashinda msitoroke wodini, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali muombe msamaha wa gharama, ni haki kuuliza na ile ofisi ipo kwa kazi hiyo.

Na kutoroka ndo kunatumaliza. Shirika la Afya Duniani wanasema kila mwaka watoto na vijana kama 400,000 wa chini ya miaka 20 wanapata kansa duniani, na nchi tajiri zaidi ya 80 katika 100 wanapona, wakati nchi nyingi za kipato cha chini ni chini ya 30. Ugonjwa ni ule ule! Tofauti ni kuchelewa kujua, kuambiwa ugonjwa mwingine, dawa kukosekana, na kuacha matibabu katikati. Mtoto anapewa dawa mara mbili, uvimbe unanywea, wazazi wanasema amepona turudi Same tukavune, na wakirudi tena umeshapanda juu. Mi nimewaona kwa macho yangu, vitanda viwili tofauti. Ile namba 80 mi huwa naitaja kila siku ya filamu kwa sababu watu wengi hapa wanaamini kansa ya mtoto haijawahi kupona popote.

Dalili gani za kuangalia kwa mtoto?

Maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku, au uvimbe usiopungua. Mboni ya jicho inayong'aa nyeupe, mara nyingi mnaiona kwenye picha ya simu yenye flashi, hiyo ni ya watoto wadogo na ni ya kukimbia nayo hospitali. Tumbo gumu upande mmoja, mama nyingi wanaligundua wakiwa wanamwogesha. Taya linalovimba kwa haraka na meno kulegea, hiyo ni ile kansa daktari Denis Burkitt aliieleza Uganda 1958 na inasikia dawa vizuri sana ikiwahiwa. Kupauka, kutokwa damu puani au kwenye fizi, michubuko bila kugongwa, homa zisizoisha wakati malaria haionekani. Kichwa kuuma asubuhi na kutapika. Mara nyingi itakuwa kitu kingine kidogo, ila pimeni.

Nikienda kumwona mgonjwa nibebe nini?

Nawe mikono, kama una mafua usiende, piga simu. Chakula kiwe cha moto kimepikwa siku hiyo, matunda muulize nesi kwanza maana kinga ikishuka wengine wanazuiwa vitu vibichi, ndizi yenye ganda lake mara nyingi ni salama zaidi ya saladi. Maua msibebe. Bebeni vocha, chaja, karata, daftari la shule la mwenzake lililoandikwa vizuri. Rafiki wa mdogo wangu alikuwa anampigia picha ubao kila siku anamtumia, mpaka na michoro ya kumkashifu mwalimu wa hesabu, sidhani kama kuna zawadi iliyomfurahisha kuliko hiyo.

Msiende watu kumi na mbili mkasimama mmezunguka kitanda mnaimba kwa huzuni. Nendeni wawili, kaeni, ongeeni habari za mtaani, nani kaoa, nani kafungiwa chuo. Na mrudi tena mwezi wa nne, wa tano wa matibabu, wakati watu wote wameshazoea na hakuna anayekuja. Huo ndo wakati mbaya.

Mwishoni kuna anayekufa?

Njoo uangalie.

Na mdogo wako yuko wapi sasa hivi?

Yule kijana wa Rombo wa drafti alifariki mvua za masika za mwaka uliofuata, tulienda kumzika, mdogo wangu alitaka kubeba msalaba akaubeba kwa magongo, wazee wakasubiri mwendo wake mpaka kaburini. Vile vizibo vya soda anavyo mpaka leo kwenye kopo la kahawa.

Yeye amepita miaka sita tangu dawa ya mwisho, kliniki sasa anaenda mara moja kwa mwaka, wanapiga picha ya kifua na kila ikifika wiki hiyo hakuna anayekula vizuri nyumbani. Anatengeneza simu pale Mbuyuni, yuko kwenye mguu bandia wa tatu sasa hivi. Spika tunazotumia kuonyeshea ni zake, na ndo anayekaa karibu na mlango wakati wa filamu, kwa hiyo ukiwa na swali ambalo hutaki kuniuliza mimi mbele za watu muulize yeye ukitoka, anajibu yote.

Lini tena?

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa kumi na mbili jioni, kwetu Pasua. Hakuna kiingilio. Mkiweza mje na viti maana mara ya mwisho wamama walikaa kwenye mkeka, na kama mna kijana aliye kwenye dawa anataka kuja niambieni siku mbili kabla nimtengee nafasi ya mbele, mbali na wenye mafua.